Hofu Peke Yake Haizuii Maji

Kila mwaka mawingu ya mvua yanapoanza kutanda juu ya milima ya Rubeho na Ukaguru, watu wa Kilosa huutazama mto Mkondoa kwa macho ya wasiwasi. Wala si wao peke yao. Siku hizi katika nyumba nyingi za nchi yetu mazungumzo ya hali ya hewa si tena maneno ya kupitishia wakati. Mkulima auliza mbona mvua zimechelewa, na zilipokuja mbona zimekuja zote kwa siku mbili. Mama auliza mbona kisima kimekauka mapema. Watoto shuleni wafundishwa habari ya mabadiliko ya tabianchi, nao warudi nyumbani wakiwa na maswali ambayo wazazi hawana majibu yake.

Basi hofu imekwisha kuingia. Lakini leo twapenda kuuliza jambo moja tu: hofu hiyo imetufanyia nini? Je, imebadili hata jambo moja katika mwenendo wetu wa kila siku, jikoni, shambani, kisimani na safarini? Swali hili si la wataalamu peke yao. Ni swali la dhamiri, na kila mwenye nyumba hana budi kulijibu mbele ya Mungu.

YALIYOTOKEA KILOSA

Mwishoni mwa Desemba 2009, na kuendelea hata Januari 2010, mvua kubwa zilinyesha upande wa Mpwapwa na Kilosa. Mkondoa ukajaa, ukapasua tuta lililoukinga mji, ukaingia katika nyumba za watu. Maelfu ya watu waliachwa bila makao, wakaenda kukaa katika mahema. Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ilibomolewa katika sehemu iliyo kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi. Hivyo maji yaliyoingia Kilosa yaliwafikia pia, kwa njia nyingine, wafanyabiashara wa Tabora, na wasafiri waliokuwa wakingoja treni Dar es Salaam.

Mafuriko hayo hayakuwa ya kwanza, wala hayakuwa ya mwisho katika nchi. Wengi wetu twakumbuka mvua za El Nino za miaka ya 1997 na 1998. Na katika masika ya mwaka 2024, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 nchini na kujeruhi wengine 236. Hawa walikuwa baba, mama na watoto. Tuwaombee pumziko la milele, lakini tusiishie kuwaombea.

YA JUU NA YA CHINI

Yatupasa kuelewa vema jinsi mto unavyofurika, kwa maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kuchagua dawa. Mkondoa hauanzii Kilosa. Maji yake mengi yatoka katika nchi kavu ya Dodoma na Mpwapwa, hupenya milimani kwa bonde jembamba ambalo reli nayo hulifuata, kisha hutokea kwenye nchi tambarare. Hapo mwendo wake hupungua, na mchanga uliobebwa kutoka juu hutua. Mwaka baada ya mwaka mchanga huongezeka, kina cha mto hupungua, na maji ambayo zamani yalipita kimya leo hutafuta njia katikati ya nyumba.

Basi kuna sababu mbili. Moja yatoka juu. Wataalamu wametufundisha kwamba hewa ikizidi joto kwa nyuzijoto 1, yaweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa kadiri ya sehemu 7 katika 100. Ndiyo maana mvua kubwa zazidi kuwa kubwa. Na dunia imezidi joto kweli. Mwaka 2024 joto lake lilipita lile la nyakati za kabla ya viwanda kwa nyuzijoto 1.5 hivi. Sababu ya pili yatoka chini: miteremko iliyofyekwa, majani yaliyochomwa, mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa kijito. Mvua ikishuka juu ya kilima kilicho uchi, haipati cha kuizuia. Huchukua udongo na kukimbia nao.

Hapa msomaji mmoja atasema: "Ninyi waandishi mwatuonea. Moshi ulioiharibu hewa ya dunia haukutoka Kilosa. Ulitoka katika viwanda na magari ya mataifa tajiri." Msomaji huyo asema kweli. Afrika nzima hutoa kama sehemu 4 tu katika 100 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Ni dhuluma kwamba wasioonja faida ya viwanda hivyo ndio wanaolala katika mahema, na Kanisa halinyamazi juu ya dhuluma hiyo. Walakini tusiifanye haki hiyo kuwa mto wa kulalia. Mvua yaweza kuwa imeongezwa na wengine, lakini kilima kinachoipokea ni chetu. Jirani akikuchomea nyumba wewe una haki ya kumdai, lakini huketi ukingoja fidia huku moto wakaribia kitanda cha mtoto.

MAJUTO NA KUSUDI

Tulipojifunza Katekisimu tulifundishwa kwamba anayeiendea Sakramenti ya Kitubio lazima awe na majuto ya kweli, na kwamba majuto ya kweli huambatana na kusudi la kutorudia dhambi. Aliaye kwa sababu ya hasara iliyompata, kisha akarudi katika njia ile ile, amehuzunika tu, hajatubu bado. Twaona kwamba mafundisho hayo yafaa sana katika jambo hili. Baada ya kila mafuriko sisi sote twahuzunika. Twatoa nguo na unga, twasema kwamba ulimwengu umeharibika. Matope yakikauka, na huzuni yakauka pamoja nayo. Tulikuwa na majuto. Kusudi hatukuwa nalo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila ni tabia njema iliyotia mizizi ndani ya mtu, hata akatenda mema kwa wepesi. Mtu hawi mnyofu kwa tendo moja la unyofu. Huwa mnyofu kwa kurudia, leo na kesho, hata kusema kweli kukawa desturi yake. Vivyo hivyo utunzaji wa nchi. Kupanda mti mmoja siku ya sherehe, mbele ya wapiga picha, ni jambo jema. Lakini mti huo wahitaji kumwagiliwa Jumatatu ambapo hakuna atazamaye.

Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, chatuambia kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani kwa kazi mbili: ailime na aitunze. Wengi wetu twaikumbuka ile ya kwanza tu. Nayo Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya sita, yatupa somo ambalo mara nyingi twalipita haraka. Bwana wetu Yesu Kristu aliwalisha wanaume wapatao elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Aliyeweza kufanya hivyo hakuwa na upungufu. Angeweza kufanya mikate mingine kesho yake. Hata hivyo aliwaamuru wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyosalia ili kisipotee kitu, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Ikiwa Mwenye vyote hakuvumilia kuona makombo yakitupwa majanini, sisi tusio na kitu twapata wapi ujasiri wa kutapanya?

Papa Fransisko, aliyefariki dunia tarehe 21 Aprili 2025, alitupatia waraka wa Laudato Si' mwaka 2015. Waraka huo wazungumza na wafalme na matajiri, lakini katika sura yake ya sita washuka hata jikoni kwetu. Humo ataja kupunguza matumizi ya plastiki, kutomwaga maji ovyo, kupika chakula kitakacholiwa, kupanda miti, kuzima taa zisizohitajika. Baba Mtakatifu hakuona haya kuandika habari ya taa na chungu katika waraka wa kipapa. Basi nasi tusione haya kuzihubiri.

VIJIJI VILIVYOFANYA AGANO

Labda utasema kwamba desturi hazibadiliki. Wazee husema mazoea yana taabu, nao wajua wasemalo. Lakini tutazame jambo lililotendeka katika wilaya ile ile ya Kilosa.

Mkaa unaopikia chakula cha Dar es Salaam hutoka katika mikoa mingi, na Morogoro ni mmojawapo. Kwa miaka mingi mchoma mkaa aliingia msituni apendako, akakata apendacho, akaondoka. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, kwa msaada wa serikali ya Uswisi na mashirika yetu ya nchini yanayohifadhi misitu, vilianza njia nyingine. Kijiji kilitenga sehemu ya msitu wake, kikaigawa viwanja vya mita 50 kwa 50. Kiwanja kimoja hukatwa, cha jirani huachwa, kama vyumba vya ubao wa drafti. Visiki having'olewi, maana miti ya miombo huchipua tena kutoka kisikini. Kiwanja kilichokatwa hupumzishwa miaka 24. Kando ya vijito na katika miteremko mikali haikatwi kitu. Wachomaji walifundishwa kupanga magogo na kufunika tanuru vizuri, ili kuni zisiwe majivu bure. Na ushuru wa mkaa uliingia katika mfuko wa kijiji, ukasaidia kazi za shule, maji na afya.

Hatusemi kwamba kila kitu kilikwenda sawa, au kwamba mkaa umekuwa kitu kisicho na hasara. Wala mkaa si adui wa pekee wa msitu: waliouchunguza msitu wa Kilosa wameonyesha kwamba kufyeka mashamba mapya huumaliza kuliko tanuru. Lakini somo liko wazi. Watu hawa hawakuanza kwa kutishwa. Walikaa mkutanoni wakapatana, wakaweka sheria iliyo yao, wakaona faida yake katika darasa la watoto wao. Miaka 24! Mzee anayekata kiwanja leo amwachia mjukuu zamu ya pili. Mtu aliyezoea kuhesabu hivyo amekwisha kujifunza kumpenda jirani ambaye hajazaliwa.

Ndiyo sababu twasema kwamba hofu peke yake haijengi desturi. Hofu huamsha usingizini, lakini haishiki jembe. Kinachojenga desturi ni jambo dogo linalowezekana, likafanywa na wengi pamoja, likarudiwa.

DESTURI ZA NYUMBANI

Tuanze na jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, wakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Ni kusudi jema, hasa kwa ajili ya macho na mapafu ya mama zetu. Mwenye uwezo wa kununua mtungi wa gesi, au wa kupikia umeme, asingoje kuambiwa mara ya pili. Lakini twajua kwamba mama anayenunua mkaa kwa kopo, kwa fedha aliyoipata leo, hawezi kununua mtungi kwa siku moja. Asiaibishwe. Naye anayo mengi ya kufanya: kuloweka maharage tangu usiku, kufunika sufuria, kutumia jiko banifu, kuzima mkaa uliobaki na kuuweka kwa ajili ya kesho. Bibi zetu waliyafanya mengi ya hayo bila kusikia neno tabianchi. Nasi wanaume tunaodai chakula kipashwe moto mara tatu, kwa kuwa tumechelewa kurudi, tujiulize ni nani anayemaliza gunia.

Pili, shamba. Kuchoma majani kabla ya kulima ni rahisi, na moto hufanya kwa saa moja kazi ya siku nne. Lakini moto huo hula chakula cha udongo, mara nyingi huvuka mpaka ukaingia msituni, na mvua ya kwanza hukuta ardhi haina nguo. Mabua yaachwe yafunike udongo. Matuta yakingame mteremko, yasifuate maji yanakoshukia. Ukingo wa mto uachiwe miti yake. Tunayaweka haya katika mahubiri kwa sababu amri ya kumpenda jirani yamhusu hata jirani akaaye bondeni. Udongo uliopotea shambani kwako wajaza mto mbele ya mlango wake. Na maji ya Mkondoa huingia katika Wami, mto ambao watu wa Chalinze hunywa, kabla haujafika baharini kaskazini ya Bagamoyo.

Tatu, maji na chakula. Maji ya mvua yakingwe kutoka bati. Maji ya kuoshea mboga yamwagiwe mche. Chakula kipikwe kwa kipimo, hata katika arusi na sikukuu zetu za Kipaimara na Komunyo ya Kwanza, ambako aghalabu wali wa watu mia hutupwa ilhali jirani amelala na njaa. Mhudumu wa karamu akikumbuka vile vikapu kumi na viwili hatakosa la kufanya.

NJIA YA MIKUMI

Kuna desturi nyingine ambayo huonekana wazi kwa yeyote asafiriye kutoka Morogoro kwenda Iringa. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Jina la Mikumi latokana na miti ya mikumi, jamii ya mivumo, iliyomea katika nchi ile. Mnamo Septemba 1961 Mwalimu Julius Nyerere, huko Arusha, alitangaza mbele ya ulimwengu kwamba wanyama wa pori ni amana na kwamba nchi yetu itawatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1964, Mikumi ikawekwa kuwa hifadhi. Hivyo asafiriye pale apita ndani ya ahadi ya taifa lake.

Naye hupitaje? Nyani huketi kando ya lami wakingoja, kwa kuwa wamekwisha kuzoea kutupiwa ndizi na mahindi madirishani. Na anayezoea kula barabarani hufa barabarani. Chupa za maji hurushwa majanini. Madereva wengine huona vibao vya kupunguza mwendo kama mapambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na wote twaona kwamba masoko hayakufungwa kwa sababu hiyo. Watu walishika vikapu. Basi ikiwa tuliweza kuacha mfuko, twashindwaje kuishika chupa mkononi kwa saa moja hadi kituoni? Abiria mmoja akimwambia mwenzake kwa upole, "Ndugu yangu, tuiweke, tutaitupa mbele," amehubiri vizuri kuliko sisi.

YASIYO MIKONONI MWETU

Tusidanganyane. Sufuria iliyofunikwa haitaujenga tena ukingo wa Mkondoa, wala kapu la sokoni halitapoza joto la bahari. Kuna kazi zilizo za serikali: kujenga matuta na mabwawa, kuwaonya watu mapema, kuwapa waliohamishwa mahali salama penye shule na maji, kulinda vyanzo vya mito. Kuna kazi zilizo za mataifa makubwa, nayo ni kupunguza moshi wao na kulipa sehemu yao ya hasara. Mkristu ana haki ya kuyadai hayo kwa sauti, na kura yake ni sehemu ya utunzaji wa bustani.

Lakini adaiye haki hudai kwa nguvu zaidi akiwa na mikono safi. Zaidi ya hayo, desturi ndogo zina kazi ambayo haionekani. Nyumba iliyozoea kutotapanya hulea mtoto ambaye kesho atakuwa diwani, mhandisi, mfanyabiashara wa magogo au waziri. Atakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, mkono wake utafuata mazoea yake. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Msitu wa Kilosa haukuchovywa na mtu mmoja. Tulichovya wote, wa shamba na wa mjini. Na wa mjini asimlaumu mchoma mkaa huku jiko lake lawaka.

Tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu katika kila mtaa na kijiji. Twaomba kwamba katika mkutano wa juma hili kila jumuiya ichague jambo moja tu, lisizidi moja, ambalo nyumba zake zote zaweza kulishika hadi Pasaka: miche kando ya kijito, au kutochoma shamba, au jiko banifu kwa mjane asiye nalo, likinunuliwa kwa mchango wa wote. Mkutano ukifika tena, waulizane bila ukali nani ameshika na nani ameshindwa, nao wamsaidie aliyeshindwa. Wazazi wawakabidhi watoto mti mmoja mmoja waulee kama wanavyolea kuku wao.

Mwenyezi Mungu, aliyeziwekea bahari mipaka, awakinge ndugu zetu wa bonde la Mkondoa na wote wakaao kando ya mito. Awape wenye mamlaka busara na haraka. Nasi atujalie kusudi linalodumu hata baada ya matope kukauka, tupate kuwakabidhi watoto wetu nchi hii ikiwa bado na udongo wake, miti yake na maji yake.